Fedha za umma zimeijenga Serikali ya kidijitali. Karakana na viwanda vidogo je?

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Kila msimu wa bajeti unapokaribia tunasikia habari za uchumi wa kidijitali, na kila mara mjadala wetu huishia kwenye minara ya simu na mkongo wa intaneti. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea jijini Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni mafundi samani wa Keko, wenye mashine za kusaga na kukoboa nafaka, na watu wa gereji. Ninaomba tujadili jambo moja: fedha ya umma inayotengwa kwa ajili ya mageuzi ya kidijitali inafika wapi hasa, na kwa nini inasimama kabla ya kumfikia mtu anayezalisha?

Nianze kwa kutenda haki, maana kazi iliyofanyika ni kubwa na sitaki ionekane naibeza. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009 kwa mkopo wa masharti nafuu kutoka China, mwaka uleule ambao waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hukusanya michango ya watoa huduma na kuipeleka vijijini kama ruzuku, ili mnara ujengwe mahali ambapo kampuni ya simu isingekwenda kwa hesabu zake za faida. Mei 2023 ilisainiwa Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na ruzuku ya Serikali humo ilikuwa shilingi bilioni 126. Miaka miwili kabla ya hapo, Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha dola milioni 150 kwa Mradi wa Tanzania ya Kidijitali.

Serikali pia ilijipanga yenyewe kwa fedha hizohizo za umma. Tangu mwaka 2017 malipo ya taasisi za umma yamekuwa yakihamia kwenye mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG, na leo hakuna asiyejua namba ya malipo ni kitu gani. Usajili wa kampuni na majina ya biashara wa BRELA umehamia mtandaoni. Mwaka 2023 mfumo wa zabuni wa NeST ulichukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, na anayetaka zabuni ya Serikali, hata iwe ya kutengeneza madawati ya shule moja ya kata, lazima apitie humo.

Sasa twende Keko. Fundi ninayemhudumia ana vijana wanaofanya kazi ya mbao vizuri kuliko wengi ninaowafahamu. Oda zake ziko sehemu tatu: nyingine kwenye WhatsApp, nyingine kwenye kaunta buku lenye jalada lililolowa vanishi, na nyingine kichwani mwake. Ili aombe zabuni ya madawati alikwenda steshenari ya jirani, kijana wa pale akamfungulia akaunti ya NeST, akaweka barua pepe aliyoitengeneza yeye mwenyewe na nywila aliyoichagua yeye mwenyewe. Akaunti ya BRELA iko hivyohivyo, na ya kodi vilevile. Kijana yule alipohamia mkoa mwingine, biashara nzima ya mzee huyu, machoni pa Serikali, ilihama naye. Tulitumia muda mrefu kuzirejesha akaunti moja baada ya nyingine.

Kwenye ripoti fundi huyu atahesabiwa kuwa ametumia huduma za kidijitali, kwa sababu ana akaunti tatu, ana mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi na analipwa kwa simu. Lakini ndani ya karakana yake hakuna kilichobadilika. Hajui ubao mmoja wa mninga unatoa meza ngapi na kiasi gani kinaishia kwenye takataka. Hajui kitanda cha aina ipi kinampa faida na kipi anakiuza kwa hasara kwa sababu tu wateja wanakipenda.

Hoja yangu ni kwamba tumetumia fedha ya umma kuijenga njia na kuijenga ofisi ya Serikali, kisha tukamwachia mzalishaji gharama yote ya kuzifikia. Mfano ulio wazi ni mashine ya EFD. Ilianza mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT, kisha ikapelekwa kwa wengine kuanzia 2013, na wengi tunaikumbuka migomo ya wafanyabiashara ya 2013 na 2014, ambayo sehemu kubwa ilihusu bei ya mashine hiyo. Serikali iliruhusu gharama yake ikatwe kwenye kodi, na hilo ni jambo jema, lakini fedha ya kununulia ilitoka kwanza mfukoni mwa mfanyabiashara, tena laki kadhaa kwa mpigo. Kwa mwenye mtaji wa kuzungusha kila wiki, nafuu inayokuja baadaye haimsaidii leo.

Na liko jambo linaloniuma zaidi ya bei. Mashine ile inakusanya taarifa ambazo mfanyabiashara huyo hajawahi kuwa nazo: mauzo ya kila siku, kwa saa, kwa mwezi, kwa mwaka. Jioni anatoa ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, anaikunja na kuitia kwenye boksi la viatu, na baada ya miezi michache wino umefifia hauonekani. Taarifa zimekwenda kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwake yeye imebaki karatasi nyeupe. Wateja wangu wengi hawajawahi kuona takwimu zao zikiwarudia kwa namna ambayo wangeweza kuipeleka benki na kusema, haya ndiyo mauzo yangu, nikopesheni mashine ya kuranda.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji kutoka Mbeya

Mkuu, nimekusoma kwa makini na sehemu ya hali uliyoeleza naifahamu. Hata hivyo, nina wasiwasi na pale unapoelekea. Ukisema ruzuku iende kwa mzalishaji, unafungua mlango ambao tumeshaona matokeo yake. Mwaka 2021 Serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili wananchi wengi wavipate, na mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa kwa sababu haukuwafikia walengwa. Nani alifaidika? Ni mwenye kontena bandarini. Pamoja na hilo, Julai 2021 tuliletewa tozo ya miamala ya simu, ambayo malalamiko yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa maoni yangu, kabla ya kuomba ruzuku tuombe kwanza tusitozwe pale tunapojaribu kutumia mifumo hiyo.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mbeya, suala la tozo nakuunga mkono bila masharti. Haiwezekani mwaka mmoja tumshawishi muuza mbao apokee malipo kwa simu na mwaka huohuo tumwadhibu kwa kufanya hivyo.

Kuhusu msamaha wa VAT, naona mfano wako unathibitisha hoja yangu badala ya kuipinga. Msamaha ule ulitolewa kwenye bidhaa, pale inapoingia nchini, na hakukuwa na kitu kinachoifunga nafuu ile hadi imfikie mtu fulani anayejulikana. Ulinganishe na ruzuku ya mbolea, ambayo Rais Samia aliizindua huko kwenu Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, ikiwa na shilingi bilioni 150. Mkulima aliandikishwa kijijini, akapata namba yake, na bei ya ruzuku ikawa haki ya namba hiyo anapofika kwa wakala. Palikuwa na foleni, palikuwa na mawakala walio mbali na wakulima, na palikuwa na majina yaliyokosewa. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi, kwa kuwa fedha ilimfuata mtu na haikumfuata mzigo. Nchi iliyoweza kumwandikisha mkulima wa Mbozi na kumpa nafuu kwa namba yake haishindwi kumwandikisha mwenye karakana wa Keko au mwenye kinu cha alizeti.

Wenzetu wa nje wamefanya hivyo. Hispania, kwa fedha za Umoja wa Ulaya za kujikwamua baada ya UVIKO-19, ilianzisha mpango unaoitwa Kit Digital wenye zaidi ya euro bilioni 3. Biashara yenye wafanyakazi 10 hadi 49 ilipewa hati ya euro 12,000, yenye watu 3 hadi 9 ilipewa 6,000, na mpango ulipoanza, aliye peke yake au na watu wawili alipewa 2,000. Mwenye biashara hakugusa fedha taslimu. Kwanza alijibu maswali ya kujipima yuko kiwango gani, kisha akachagua huduma kwa mtoa huduma aliyeidhinishwa, na Serikali ikamlipa mtoa huduma baada ya kazi kuthibitishwa. Malaysia ilikwenda njia nyingine: mwaka 2020 Serikali ilianza kulipa nusu ya gharama, hadi ringgiti 5,000, na nusu nyingine akaitoa mwenye biashara.

Mimi ningechagua njia ya Malaysia, na sababu ni moja. Mtu anayetoa nusu kutoka mfukoni mwake hanunui asichokihitaji. Mpango wa kulipiwa kila kitu kutoka kwenye orodha una hatari yake, kwa sababu muuzaji humsukumia mteja kilicho rahisi kuuza. Tovuti ni rahisi kuuza. Kumfundisha mtu kuhesabu mbao zinazoingia na kutoka ni kazi ya wiki nyingi na haina picha nzuri ya kuonyesha.

Mchangiaji kutoka Singida

Mleta uzi, shikamoo kama umri unaruhusu. Mimi nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, na nashukuru umetutaja.

Nieleze hali ilivyo kwetu. Msimu ukifika tunanunua alizeti kwa magunia kutoka kwa wakulima wengi tofauti. Gunia la mkulima mmoja linatoa mafuta mengi, la mwingine linatoa machache, lakini yote tunayamwaga pamoja kwenye mashine. Mwisho wa msimu najua nimenunua kwa shilingi ngapi na nimeuza mafuta na mashudu kwa shilingi ngapi. Mbegu ipi ilinilipa na ipi ilinila sijui, kwa hiyo msimu unaofuata narudia yaleyale. Nilichohitaji ni mizani inayoandika uzito wenyewe, kompyuta moja ya kawaida, na mtu wa kunionyesha namna ya kuandika kila mzigo na mafuta yaliyotoka humo.

Mizani niliinunua. Kompyuta niliipata. Mtu ndiye niliyemkosa. Kampuni moja iliniuzia programu yenye vitufe vingi kuliko ninavyoweza kuvielewa, yote kwa Kiingereza, wakanifundisha mchana mmoja na kuondoka. Nikipiga simu naambiwa nilipie huduma ya msaada kwa mwaka mzima. Sasa programu ipo na daftari limerudi kazini. Ukiniuliza fedha ya umma iende wapi, nitakujibu iende kwa huyo mtu. Mkulima ana afisa ugani. Sisi tunaokamua mazao ya mkulima huyohuyo tuna nani?

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu zetu wa Tanzania, niwaeleze ya kwetu kwa kuwa yanahusiana. Mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, ilileta mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS mwaka 2023, na tofauti na mashine za zamani za risiti, ETR, programu hii unaipata bure, kwenye kompyuta au simu, na aliye mdogo anaweza kutoa ankara kwa kubonyeza *222# kwenye simu ya kawaida. Gharama ya chombo ikaondoka. Naamini hilo mngeweza kulidai, kwa sababu hata Rwanda, iliyoanza na mashine za risiti za EBM mwaka 2013, baadaye ilitoa programu ya bure badala ya mashine ya kununua.

Ila musidhani mambo yameishia hapo. Kuanzia Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi. Kwa hivyo hoteli na maduka makubwa yakaanza kuwaambia wauzaji wadogo: huna eTIMS, hatununui kwako. Mama anayeleta mboga na mvuvi anayeleta samaki wakajikuta wanaulizwa ankara ya kielektroniki. Chombo ni cha bure, lakini maarifa ya kukitumia hayakugawiwa bure. Namuunga mkono ndugu wa Singida.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Niseme lile ambalo wengi wanalifikiria. Fundi wa Keko haweki kumbukumbu kwenye kompyuta kwa sababu anaogopa. Akiandika kila kitu, siku afisa wa kodi akiingia atakuta ushahidi umepangwa vizuri kwa tarehe. Kaunta buku linaweza kupotea, kompyuta haipotei. Mkuu, mpango wako wa ruzuku utaonekana ni mtego, na atakayeukimbia kwanza ni yule unayetaka kumsaidia.

Mleta uzi

Hoja ya ndugu wa Mwanza ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na nitatulia nayo.

Hofu hiyo ni ya kweli. Kariakoo iligoma Mei 2023 na tena Juni 2024, na malalamiko juu ya namna maafisa wa kodi wanavyoingia madukani yalikuwa miongoni mwa sababu kuu. Siwezi kumwambia mtu asiogope kitu alichokiona kwa macho yake. Lakini tazameni sheria yenyewe inasemaje kuhusu mwenye kumbukumbu. Katika jedwali la kodi ya makadirio ambalo nimekuwa nikilitumia kwa wateja wangu, mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 4 hadi milioni 7 kwa mwaka, akiwa hana kumbukumbu, analipa 100,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Chukua mwenye genge la kuchomelea anayeuza milioni 5 kwa mwaka: bila daftari analipa 100,000, akiwa na daftari analipa 30,000. Tofauti ni 70,000, na kwake hiyo ni fedha ya kununulia vifaa vya kazi.

Yaani sheria tayari inamlipa mtu anayeandika. Nimewaonyesha wateja wangu hesabu hii kwa kalamu na karatasi, na nimeona sura zinavyobadilika. Wengi walikuwa hawajaambiwa kabisa. Walichokuwa wameambiwa ni faini ya kutotoa risiti.

Hata hivyo, hesabu pekee haitoshi kuondoa hofu, na ndiyo maana nasisitiza kwamba msaada huu usipitie TRA kwa namna yoyote. Upitie SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo. Shirika hilo lipo tangu mwaka 1973, lina ofisi katika kila mkoa wa Tanzania Bara, na mafundi wanalifahamu kama mahali pa kujifunza kutengeneza sabuni, kupata mashine na kuomba mkopo mdogo. Hakuna anayefunga duka akimwona afisa wa SIDO anakuja. Taarifa za ndani za karakana zibaki kuwa mali ya mwenye karakana, na hilo liandikwe kwenye masharti ya ruzuku kwa maneno ambayo hata mwanasheria mtundu hawezi kuyapinda. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Itumike hapa pia, maana kumbukumbu za fundi mmoja mmoja ni taarifa zake kama zilivyo za mgonjwa hospitalini.

Dada au kaka wa Singida, marahaba, na swali lako la nani afisa ugani wenu nalibeba kama lilivyo. Vyuo vyetu vinatoa kila mwaka vijana wa TEHAMA na wa uhasibu wanaozunguka na bahasha. Kijana mmoja aliyefunzwa vizuri, mwenye pikipiki na kompyuta, anaweza kuhudumia vinu na karakana kadhaa za wilaya moja kwa kuzizungukia mara kwa mara kwa msimu mzima, akianza na kaunta buku lililopo badala ya kulidharau. Kwanza daftari lipangwe safu zake: tarehe, mzigo, uzito, kilichotoka, bei. Likishazoeleka, lihamie kwenye jedwali la kompyuta au simu. Baada ya hapo ndipo tuzungumzie programu, tena ya Kiswahili. Vijana wa steshenari nao wasiachwe nje, kwa sababu wao ndio waliobeba huduma za kidijitali za nchi hii mabegani kwa miaka yote hii bila mafunzo yoyote. Wafundishwe, waidhinishwe, na wafungwe na sharti kwamba nywila ni ya mteja.

Mchangiaji kutoka Mbeya

Mkuu, umenisogeza kidogo. Lakini fedha itoke wapi? Usiniambie mkopo mpya.

Mleta uzi

Sisemi mkopo mpya. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi zilizoibuliwa kwenye ukaguzi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sehemu ndogo ya fedha hiyo, kwa vikundi vinavyozalisha bidhaa, inaweza kuwa ile nusu anayochangia mwenye biashara. Nusu ya Serikali itoke kwenye bajeti ya TEHAMA, kwa kuwa Mkakati wa Uchumi wa Kidijitali wa 2024 hadi 2034 umeshapitishwa na ni lazima uwe na utekelezaji unaoonekana nje ya ofisi za umma.

Wizara ya Fedha hualika kila mwaka maoni ya wadau kuhusu maboresho ya kodi kabla ya bajeti. Nimeanza kuandika waraka wenye maombi matatu: programu ya risiti ya bure kwa wafanyabiashara wadogo kama ilivyo kwa majirani zetu, haki ya mfanyabiashara kupata takwimu zake za EFD kwa namna anayoweza kuipeleka benki, na maafisa ugani wa kidijitali chini ya SIDO, tuanze na mikoa michache. Ndugu wa Singida, ninaomba ukurasa mmoja kutoka kwako ukieleza hesabu ya msimu mmoja wa alizeti, magunia na lita, jina la kiwanda usiliweke. Wa Mombasa, nisaidie kuhusu namna KRA ilivyowafikia wauzaji wasio na simu janja. Wa Mwanza, kipengele cha ulinzi wa taarifa nakuomba ukiandike wewe, kwa sababu hofu hiyo unaifahamu kuliko mimi.